Meli za Mtepe: kwa nini shehena ilifungwa kwa kamba nje badala ya kuwekwa ngamani?

FundiTudor (mleta uzi)
Wadau, salaam. Mnaocheza vijimeli vya anga mezani mnazijua meli za aina ya Mtepe, zile za mizigo za mwanzo kabisa kuvuka kutoka Jua letu hadi nyota jirani ya Proxima Centauri katika hadithi ya mchezo wetu. Injini mbili ziko mbele, inafuata kamba ndefu, halafu mitungi ya shehena inaburutwa nyuma kama shanga. Makazi ya mabaharia yako mwisho kabisa, kwenye pete inayozunguka.

Swali langu: kamba ya nini? Kwa nini shehena isiwekwe ngamani, yaani tumboni mwa meli, kama meli nyingine zote za mchezo?

Marehemu mzee aliyebuni mchezo huu pale Kibokoni, Mombasa, alituachia daftari, na habari za Mtepe humo ni mstari mmoja: "Mtepe. Meli 12. Za kwanza kuvuka. Shehena hufungwa, haipigiliwi." Akaishia hapo, ukitoa mchoro mmoja.

Ninaunda tatu mpya kwa ajili ya mchezo wa mwezi ujao, kipimo cha 1:2000. Mitungi ni mabomba ya sirinji za mililita 2, kamba ni mshipi wa kuvulia, pete ni bangili ya plastiki. Toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ni sentimita 40, yaani mita 800 za meli yenyewe. Nisipojua kamba ilikuwa ya kazi gani sitajua niifunge wapi, na sitaki kufunga kwa kubahatisha kitu ambacho mzee alikipenda kuliko vyote.

Dai langu ni uzito. Chukua kilo ya sukari uining'inize kwa uzi wa kushonea uliosokotwa mara nne. Itakaa. Sasa jaribu kuisimamisha sukari hiyo juu ya uzi huo. Injini ikiwa nyuma inasukuma, meli nzima inataka mifupa minene isije ikapinda. Injini ikiwa mbele inavuta, kamba yatosha. Mifupa ni uzito, na uzito ni mafuta.

ChumaChangamwe
Naunga mkono. Nimechomelea vyuma miaka 19 na nimeona nguzo nyingi zikipinda wakati chuma chenyewe bado kizima kabisa. Ukiifanya nguzo iwe na urefu maradufu bila kuongeza unene, mzigo inaoweza kubeba kabla ya kupinda unashuka hadi robo. Sasa piga hesabu ya nguzo ya mita 800. Kamba haina tatizo hilo. Fundi yuko sahihi, uzi ungefungwa hapa hapa.

BintiMajengo
Usifungwe bado, kaka Chuma. Mumesahau mabaharia. Injini ya kuunganisha atomu inatapika mnururisho, miale ya kuua. Una njia mbili za kujikinga: ukuta mzito au umbali. Ukuta ni tani na tani. Umbali ni bure. Ukisogea kutoka mita 100 hadi mita 1,000, mnururisho unaokufikia unashuka mara 100, kwa sababu unapungua kwa mraba wa umbali. Kamba ndefu ndiyo ngao ya bei rahisi kuliko zote, na mitungi ya shehena pale katikati inatupa kivuli juu ya pete ya watu. Ndiyo maana pete iko mwisho. Uzito ni faida ya ziada tu.

Dogo_Bombolulu
Samahanini wakubwa, mimi mgeni humu. Injini zikiwa mbele si moto wake unapiga shehena moja kwa moja?

FundiTudor
Swali zuri dogo. Ndiyo sababu injini ni mbili na zimetazama nje kidogo, kila moja upande wake. Unapoteza nguvu kidogo kwa kuelekeza pembeni: kwa pembe ya nyuzi 10 unapoteza kama asilimia 1.5, kwa nyuzi 20 unapoteza asilimia 6. Vyangu nimeviinamisha nyuzi 10 nikitumia kipimapembe cha shule cha mwanangu.

KuliKilindini
Nyote mnaongea kama meli inaishi baharini tu. Meli ya mizigo inalipa au hailipi kulingana na muda inaokaa gatini. Nilianza kazi bandarini wakati magunia bado yanabebwa mabegani, na meli moja ilikuwa inakaa wiki nzima ikishusha. Kontena likaja, sasa meli inakuja usiku unakuta keshokutwa haipo. Mtepe ni hivyo hivyo. Meli ikifika unafungua kamba, shanga zinabaki, unafunga nyingine unaondoka. Mzee alikulia hapa hapa na alikuwa akiyaona makontena kila siku. Yale Wamarekani waliyobuni kwenye vita vya Vietnam.

MwalimuLikoni
Ami Kuli, hoja yako naipenda ila tarehe tuirekebishe. Safari maarufu ya mwanzo ya makontena ilikuwa Aprili 1956, meli Ideal X ya Malcom McLean, kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58. Vita vya Vietnam viliyasambaza, havikuyabuni.

Tena kuna tatizo kubwa zaidi kwenye hoja yako. Kadi ya Mtepe inasema kasi ni asilimia 10 ya kasi ya mwanga. Proxima iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani mwanga wenyewe unachukua miaka 4.24 kufika. Safari ni miaka 42 na ushei. Ukishaenda miaka 42, kuokoa siku tano gatini kunakupa nini?

KuliKilindini
Nimekubali 1956, ahsante. Lakini siku tano si kitu kwako mwalimu. Meli iliyokaa gatini inakula pesa bila kuleta pesa, iwe imetoka Zanzibar au imetoka nyota ya saba.

Dogo_Bombolulu
Miaka 42! Kumbe ile Voyager 1, chombo cha anga cha Wamarekani, iliyorushwa 1979 itafika lini?

MwalimuLikoni
Ilirushwa 1977, dogo. Inakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde. Haielekei Proxima, lakini kama ingeelekea huko ingechukua miaka kama 75,000. Hapo ndipo unapoona Mtepe ni chombo cha aina gani.

Na tukiwa kwenye mada ya mafuta, hesabu ya roketi ya Mrusi Tsiolkovsky, ya mwaka 1903, inatuambia jambo ambalo naona hamjalitaja. Tuseme kasi ya moshi wa injini ni sawa na kasi ya safari. Ili tani 1 ifikie kasi hiyo, lazima uondoke na tani 2.7. Ukitaka pia kusimama ukifika, uondoke na tani 7.4, kwa sababu mafuta ya kusimamia nayo lazima yaongezwe kasi kwanza. Ukitaka kwenda, kusimama, kurudi na kusimama nyumbani kwa mafuta yako mwenyewe, uondoke na tani 54.6. Tani 1 ndiyo meli pamoja na shehena, zilizobaki ni mafuta.

Kwa hiyo Mtepe si meli iliyobeba mafuta. Ni mafuta yaliyobeba meli. Fundi, matangi yako yako wapi?

WakalaMizigo
Hesabu yako imebeba shehena hadi kwenye safari ya kurudi, mwalimu. Shehena inashushwa kule.

MwalimuLikoni
Kweli, Wakala. Ikirudi tupu idadi inashuka. Lakini injini, matangi, pete na watu bado vinarudi, na ndivyo vizito.

FundiTudor
Matangi nilikuwa nimepanga yawe vifuniko viwili vya kalamu. Naona sasa ni aibu kwa meli. Nitatafuta chupa mbili za dawa ya macho.

MgeniLamu
Nimesoma mpaka hapa nikashangaa hakuna aliyeuliza jina. Mtepe si jina la kuokota. Ni chombo cha kwetu visiwani, Pate, Faza na Siyu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Msumari hata mmoja hakuna. Nakala ya ukubwa kamili iliwekwa Beit al-Ajaib, Unguja, na waliowahi kuisogelea waliona mishono ile inavyopita kwenye tundu za mbao, imekazwa, tundu zimezibwa.

Faida ya kushona ni kwamba chombo kinanyumbuka. Kikikaa juu ya mchanga maji yakitoka, kikipigwa na wimbi mwambani, mbao zinacheza kidogo badala ya kupasuka. Hasara yake kinavuja sana, watu wanafua maji mchana na usiku. "Hufungwa, haipigiliwi" ni maneno ya mtu aliyemjua fundi wa mtepe. Mzee alitaka meli inayonyumbuka.

ChumaChangamwe
Inyumbuke kwa nini, dada? Angani hakuna wimbi.

MgeniLamu
Kuna injini, kaka. Injini ikiwaka kwa mtikiso, meli ngumu inapokea mtikiso wote kwenye viungo. Na mimi ni kaka, si dada.

ChumaChangamwe
Niwie radhi, kaka.

BaharMtongwe
Mimi kazi yangu ni kwenye tagi, kile chombo cha kuvuta meli kubwa, na nataka kuwaambia kitu kuhusu kamba, maana naona mnaisifu kama haina ubaya. Siku moja tulikuwa tunavuta meli iliyopoteza injini, upepo wa kusi umekaza. Kamba ilikuwa ya nailoni, nene kama paja la mtoto. Ikavutika mpaka ikawa nyembamba tukiiona kwa macho, ikaanza kutoa mlio kama mbu, kisha ikakatika. Ilirudi ikapiga nguzo ya taa iliyokuwa staha ya nyuma, ikaikunja. Mahali hapo nilikuwa nimesimama dakika mbili kabla, nikaitwa kushika kitu kingine. Mpaka leo nikisikia mlio wa mbu namna ile nageuka.

Na hata isikatike: nikipunguza mwendo ghafla, meli ninayoivuta haipungui. Inanijia. Huko angani hakuna maji ya kuipunguza. Injini ikizimwa, shanga zote zinakuja kugonga injini. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba mtu mwenye akili ya bahari angefunga shehena hivyo bila sababu kubwa sana.

MwalimuLikoni
Pole sana kaka Bahar, na shukuru Mungu.

Hapo mwisho kuna tofauti kidogo. Tagi yako ikipunguza, maji yanakupunguza wewe kuliko ile meli. Angani injini ikizimwa, injini na shehena zote ziko kasi ile ile, hakuna kinachopungua, kwa hiyo shehena haina sababu ya kuja. Kinachobaki ni ule mvutiko wa kamba. Kama ilikuwa imevutika, itarudi na itavuta shanga mbele polepole. Dawa yake ni kamba isiyovutika sana, na kupunguza injini taratibu.

BaharMtongwe
Polepole kwa tani ngapi? Tani elfu zikija polepole mwendo wa kobe bado hakuna wa kuzizuia. Nimeona meli inakuja gatini kwa mwendo wa mtu anayetembea na bado gati likavunjika.

MwalimuLikoni
Hilo sina jibu lake. Ni kweli kabisa.

Dogo_Bombolulu
Naomba kuuliza tena. Haya mabawa mekundu pembeni ya injini ni ya nini? Angani kuna baridi, si injini inapoa yenyewe?

RangiNaBrashi
Hili langu, maana ndiye ninayevipaka rangi. Thamosi ya kahawa inafanya kazi vipi, mdogo wangu? Kati ya kuta zake mbili hakuna hewa, ndiyo joto halitoki. Anga yote ni thamosi. Joto linatoka kwa njia moja tu, kumulika. Kituo cha anga cha kimataifa kina paneli kubwa nyeupe za kumulika joto nje, zimezungushiwa amonia ndani ya mabomba.

Na uzuri ni huu: ukiongeza joto la bawa maradufu, ukihesabu kuanzia sifuri halisi, ile baridi isiyoweza kuzidi, linamulika mara 16 zaidi. Kwa hiyo bawa la moto sana linaweza kuwa dogo, nalo linakuwa jekundu kama kaa la mkaa. Nilitumia rangi ya kucha, nyekundu chini na chungwa kidogo kuelekea injini, halafu nikapitisha brashi kavu yenye nyeusi kwenye kingo. Mabawa yenyewe ni mkebe wa soda uliokatwa kwa mkasi wa kushonea. Mkibadilisha injini zirudi nyuma msiniambie nianze upya, nitalia.

FundiTudor
Hakuna atakayezigusa, dada Rangi. Ni kazi nzuri kuliko zote mezani.

WakalaMizigo
Nilete la kwangu. Niko kwenye kutoa mizigo bandarini. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mteja mwenye kontena la vigae. Meli ikashika moto njiani. Kontena letu halikuguswa hata na moshi. Lilipofika tukaambiwa halitoki mpaka mteja aweke dhamana ya mchango wake kwenye hasara. Mteja akanijia juu, akadhani namla. Hiyo ni sheria ya zamani ya bahari: ikibidi kutosa au kuharibu shehena ya mmoja ili kuokoa chombo na shehena za wengine, wote waliookoka wanachanga kumlipa aliyepoteza.

Sasa tazameni Mtepe kwa jicho hilo. Shehena iko nje, kila mtungi na fundo lake. Tangi likivuja, mafuta ya kusimamia yakapungua, nahodha anafanya nini? Anapunguza uzito. Ngamani utachukua miezi kutoa mzigo. Kwenye kamba unakata fundo moja na mtungi umekwenda. Hiyo ndiyo sababu ya kufunga: ili iweze kufunguka. Na kwenye mchezo tuweke kanuni kwamba mchezaji akikatiwa mtungi, wengine wote wenye mitungi wanamchangia pointi.

BintiMajengo
Kanuni hiyo naitaka hata kama sababu yako si sahihi.

MzeeWaDadu
Salaam wanangu. Nimekaa kimya nikisoma. Mimi nilikuwa mezani siku Mtepe ya kwanza ilipotoka. Ilikuwa barazani, kitambaa cheusi kimetandikwa juu ya meza ya kahawa. Marehemu alikuwa akitumia mirija ya soda kwa mifupa ya meli zake zote. Siku hiyo mirija iliisha, duka limefungwa Ijumaa mchana. Mwanawe alikuwa ametoka kuvua, mshipi uko pale. Akafunga sirinji kwa mshipi. Tukamuuliza meli gani hii, akasema "Mtepe." Msitafute mbali.

MgeniLamu
Shikamoo mzee. Na jina alilipata papo hapo?

MzeeWaDadu
Marahaba. Papo hapo.

FundiTudor
Shikamoo mzee wangu. Sikubishii, ila daftari ninalo na nitalitazama Jumapili. Nakumbuka mstari ule uko kabla ya mchoro, si baada yake.

BintiMajengo
Wakati tunasubiri, Fundi, ile pete yako. Bangili ina upana wa sentimita 6.5, sivyo? Kwa kipimo chako ni mita 130. Ikizunguka mara 2 kwa dakika, mwendo ambao watu wengi wanauzoea bila kizunguzungu, baharia anapata chini ya thuluthi ya uzito wake. Akitaka uzito kamili wa duniani kwa mwendo huo, pete iwe na upana wa mita 448. Hiyo ni sentimita 22.4. Sahani ya kulia.

FundiTudor
Sahani ya kulia nyuma ya meli ya sentimita 40 itaanguka mezani. Nizungushe haraka zaidi?

BintiMajengo
Watatapika miaka 42.

Lakini pete ya nini wakati kamba unayo? Injini zinawaka mwanzo na mwisho tu, katikati ya safari zimezimwa. Injini zikizimwa, tenga makazi ya watu upande mmoja wa kamba, mitungi ya shehena upande wa pili iwe mizani, uzungushe yote kama mtoto anavyozungusha kopo kwenye uzi. Una uzito bila pete. Sasa nasema hivi, na nabadilisha nilichosema mwanzo: kamba iliwekwa kwa ajili ya watu, shehena ikafuata.

KuliKilindini
Binti umekuwa na sababu mbili kwenye uzi mmoja.

BintiMajengo
Na zote mbili bora kuliko siku tano gatini, ami.

MwalimuLikoni
Hiyo ya kuzungusha naipenda sana. Ila kuna vumbi. Kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga, punje ya gramu 1 inapiga kwa nguvu ya takriban tani 100 za kilipuzi cha TNT. Kwa hiyo meli inataka kuwa nyembamba na ndefu, ijifiche yote nyuma ya ngao ndogo. Wale wa British Interplanetary Society walipochora meli yao ya nyota, Daedalus, kati ya 1973 na 1978, waliipa ngao ya berili, metali nyepesi, mbele. Yao ilikuwa ipite tu karibu na nyota ya Barnard, isisimame. Ukiizungusha Mtepe kama kopo, upana wote wa mzunguko unakuwa shabaha.

Na ya Fundi inasimama. Ili isimame lazima igeuke, injini zivute kinyume cha mwendo. Hapo injini ziko nyuma, na kinachotangulia kwenye vumbi ni ile pete ya watu. Fundi, umeweka ngao tezi?

FundiTudor
Sikuweka. Naweka leo. Kifuniko cha mkebe wa mabuyu, kipo.

BaharMtongwe
Kuigeuza kamba ya mita 800 yenye shanga, mkia unapita mbali kama wa samaki taa. Nataka kuwa mezani siku mtu akijaribu. Ile zamu ya kugeuka tuipe dadu mbili.

ChumaChangamwe
Dadu tatu. Na bado ni uzito.

FundiTudor
Nimelitoa daftari. Nieleze nilichokiona, msome wenyewe.

Mstari umeandikwa kwa kalamu ya buluu. "Haipigiliwi" limepigiwa mistari miwili chini. Juu ya maandishi kuna duara la kikombe cha kahawa, limepenya hadi nyuma. Mchoro uko ukurasa wa nyuma yake, kwa penseli, na penseli imepita juu ya doa la kahawa. Kwa hiyo mstari ulitangulia mchoro. Mzee wa Dadu, pengine siku ya mshipi jina lilikuwa tayari kichwani mwake, akangoja siku ya kulitumia.

Ila kuna kingine ambacho miaka yote sikukitia maanani. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba nne zimepangwa kushuka: 2.7, 7.4, 20, 54.6. Ile 54.6 imekatwa. Ile 20 imezungushiwa kalamu nyekundu.

MwalimuLikoni
Subhanallah. Mikono inanitetemeka. Hizo ndizo namba nilizowapa, na hiyo 20 niliiruka. 2.7 ni kuondoka. 7.4 ni kuondoka na kusimama. 20 ni kuondoka, kusimama, na kuondoka tena kurudi. 54.6 ni yote manne. Mzee alifanya hesabu ya Tsiolkovsky, akaikataa safari kamili, akachagua meli inayorudi bila mafuta ya kusimamia nyumbani.

BaharMtongwe
Basi jibu mmelipata. Inarudi haiwezi kusimama, nyumbani inangojewa na tagi. Tagi inashika kamba. Kamba ni ya kupokelewa! Kila meli inayoingia Kilindini inarusha kamba kwa tagi.

MwalimuLikoni
Tagi ya kuishika kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga nayo lazima ifikie kasi hiyo kwanza, kisha isimamishe yote mawili. Mafuta hayapungui, yamehamia kwa tagi tu.

BaharMtongwe
Yamehamia kwa tagi inayojazwa mafuta nyumbani. Ndiyo faida yenyewe. Meli haijayabeba kwenda na kurudi.

WakalaMizigo
Au 20 ni idadi ya mitungi kwenye kamba. Fundi, kwenye mchoro iko mingapi?

FundiTudor
Nimehesabu mara tatu. Inaonekana 18. Sehemu ya kamba imechorwa juu ya doa la kahawa, penseli haionekani vizuri hapo.

KuliKilindini
Duara la kikombe linaweza kuficha sirinji mbili bila shida. Ni mitungi 20.

MgeniLamu
Mimi nasoma tofauti kabisa. Kati ya 7.4 na 54.6 alikuwa anajiuliza kama inarudi. Kwetu jahazi likichoka mbao zake hazitupwi, zinakuwa milango na vitanda. Meli iliyofungwa kwa kamba unaifungua yote: matangi yanakuwa nyumba, pete inakuwa nyumba, kamba inakuwa kamba. Kilichopigiliwa ungelazimika kukikata. Mtepe haikurudi, ilifunguliwa kule. Ndiyo maana kwenye mchezo zimebaki tatu kati ya 12.

MzeeWaDadu
Kalamu nyekundu alikuwa akitumia akisahihisha kanuni baada ya sisi kulalamika mezani. Na yupo mtu aliyelalamika kwamba Mtepe haitumiki kwa sababu ina mafuta mengi mno. Mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo 20 yaweza kuwa namba ya mafuta kwenye kadi tu.

FundiTudor
Mzee, kadi ya sasa inasema 24.

MzeeWaDadu
Ya sasa. Ya zamani sikumbuki. Ninayo mahali, kwenye sanduku la viatu. Nitaitafuta.

RangiNaBrashi
Jumamosi tunakutana wapi? Nataka kujua kama nipake mitungi 18 au 20, rangi ya kijivu imebaki kidogo.

FundiTudor
Kibokoni, barazani pale pale, baada ya alasiri. Paka 20, dada. Nimeamua kila mtungi niufunge kwa fundo la kufunguka ukivuta ncha moja, kama tunavyofunga dau. Anayetaka kutosa atose, anayetaka kuacha gatini aache, anayetaka kuzungusha Binti atamwonyesha. Ngao ya tezi nimeshabandika, gundi bado inakauka.

Dogo_Bombolulu
Naweza kuja hata kama sina meli?

BaharMtongwe
Njoo. Utashika mkia wakati wa kugeuza.